Rangi ya Chini

Likoni bati halizeeki polepole. Chumvi ya bahari huanzia kwenye matundu ya misumari, ikapanda migongoni, na kabla mwenye nyumba hajamaliza kulipa deni la mabati, paa limeshapata rangi ya mdalasini. Mwenye nyumba huona hasara. Mimi huyaombea mabati hayo siku yatakapoteremshwa, na mafundi wa mapaa kuanzia Timbwani hadi Mtongwe wameshanizoea. Huniuzia kwa bei ya chuma chakavu, wakishamaliza kunicheka.

Nachora picha za dhahania. Hazina jahazi, hazina mnazi, hazina Mmaasai aliyesimama kwa mguu mmoja. Juu ya bati nagandisha vipande vya leso kuukuu kwa gundi ya mbao, napaka chokaa, namimina rangi ya mafuta iliyobaki mikebeni, kisha yote yakishakauka nachukua msasa na kuanza kukwangua hadi kilichozikwa kitokeze tena. Anayenitembelea hutaraji kunikuta na brashi. Mara nyingi hunikuta nimejifunga kitambaa puani, vumbi limenijaa kope.

Majira nayo yana amri yake. Masika hewa hulowa, gundi ikakataa kushika na leso ikafanya ukungu. Kaskazi ikiwaka, chokaa hukauka kwa pupa na kupasuka, kwa hivyo naipaka jua likishatua. Hata hivyo hupasuka. Kuna nyufa nilizozisiriba nikajuta nilipozitazama, na nyingine nikaziacha zikawa ndizo picha yenyewe.

Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, hupita akielekea sokoni. Siku moja baada ya kuitikia shikamoo yangu alisimama.

"Mwanangu, hii picha ya nini?"

"Bado sijajua, mama."

Nilidhani atatikisa kichwa aende zake. Akainama, akagusa pembe moja kwa kidole. "Pindo hili la zamani. Leso ya namna hii walikuwa nayo watu waliozaa wakati mmoja na mimi. Hii ilibebewa mtoto, tazama ilivyochujuka katikati." Kisha akanieleza ni wapi panapolika kwanza, mji, yaani katikati ya leso, au pindo, kutegemea kama leso ilikuwa ya kujifunga au ya kubebea. Hakuniuliza tena picha ni ya nini.

Nasema hivi kwa sababu nimechoka kuambiwa kwamba dhahania ni maradhi ya Wazungu. Pwani hii imeishi na mapambo yasiyo na sura ya mtu wala mnyama tangu enzi za wazee wa wazee wetu: milango ya nakshi, zidaka za chokaa ukutani, mapindo ya leso. Wala kuchanganya vifaa si jambo la juzi. Mafundi wa vyombo vya baharini walitia kalafati ya pamba kati ya mbao, wakapaka deheni yenye mafuta na chokaa, wakazidisha sifa, yale mafuta ya ini la papa ambayo harufu yake haikusamehe mtu. Kila chombo kilipopandishwa pwani kilikwanguliwa, kikapakwa tena. Mvuvi akikwangua ubavu wa mashua siku hizi utaona kijani, chini yake buluu, chini yake nyekundu ya mwenyewe wa zamani.

Lakini ninayemfikiria zaidi nikiwa na msasa mkononi hakuwa mtu wa pwani. Rosemary Karuga alizaliwa mwaka 1928, akasoma sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, na hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza kuhitimu sanaa katika chuo hicho. Akarudi Kenya akafundisha shule, akalea watoto, na miaka ikapita bila jina lake kusikika katika sanaa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa amekaribia umri wa miaka 60, alianza kukata pakiti za unga na karatasi za sabuni ya Rexona, akazibandika vipande vidogo vidogo hadi zikatoa wanyama na watu wa kijijini. Rangi za dukani zilikuwa ghali. Pakiti zilikuwa jikoni. Mwaka 1990 kazi zake zilikuwa ukutani Studio Museum in Harlem, New York. Alifariki Februari 2021.

Wanaosimulia habari zake hupenda kuanza na zile pakiti, kana kwamba umaskini wa vifaa ndio uliomfundisha kazi. Siafiki. Pakiti ya unga ilikuwa katika kila nyumba ya Kenya, na haikumfanya kila mtu kuwa Karuga. Mkono uliokata karatasi ile ulikuwa umeshafundishwa Makerere, na ile miaka ya chaki na watoto wa shule haikuwa tupu. Ilikuwa chini, inafanya kazi. Nami kabla ya haya niliandika mabango ya maduka Changamwe: KINYOZI, M-PESA, SUPU YA PWEZA ASUBUHI. Kwa muda mrefu niliihesabu miaka ile kuwa niliyoibiwa. Sasa nikivuta mstari mmoja mnyoofu juu ya bati lenye mabonde, bila rula, najua nilipoutoa.

Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kupelekwa Uingereza angali mchanga, naye aliacha cha chini kionekane, kwa vyombo vya mezani. Mwaka 2007 alichukua vyombo 100 vikuukuu, sahani na majagi na mabakuli, akachora juu yake watumwa na matajiri wa Lancaster, mji uliofaidi biashara ya watumwa. Maua ya kiwandani aliyaacha yachungulie pembeni. Angeyafuta yote, tungeona picha nzuri tu. Tusingeona ni nani aliyekuwa akila katika sahani zile. Miaka 10 baadaye alitunukiwa Turner Prize.

Kukwangua basi kuna kipimo chake, na kipimo hicho hakifundishiki kwa maneno. Ukizidisha, unarudi kwenye bati tupu. Ukiogopa, unabaki na matope. Mimi huacha mkono unapoanza kufurahia ufundi wake wenyewe, maana hapo nimeshaacha kutazama.

Kuhusu riziki sina maringo. Wachongaji wa ushirika wa Akamba pale Changamwe, ulioanzishwa mwaka 1963, wamesomesha watoto kwa twiga na vifaru wanaofanana, na anayewabeza hajawahi kudaiwa karo. Nami nina picha za mashua, na mtalii akizitaka namfungia vizuri.

Hivi karibuni alikuja mteja wa hoteli, akasimama mbele ya bati kubwa kwa muda. Lilimwingia, niliona.

"Hii kutu haitaendelea kula?" akauliza.

"Itaendelea. Nimeipaka vanishi ipunguze mwendo."

"Sasa baada ya miaka 10 itakuwa picha nyingine?"

"Naam."

"Basi nipunguzie bei."

Nikampunguzia, si sana.