Bahasha Moja, Faili Zima

Bahasha yangu ya kuitwa chuo, ya mwaka 1988, ninayo mpaka leo. Ni ya kaki, pembeni imeliwa na mende, na ndani mna karatasi mbili tu: moja ya kunijulisha kwamba nimechaguliwa kujiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nyingine ya kunieleza siku ya kuripoti. Baba aliisoma akiwa amekaa kwenye mkeka chini ya mkorosho, nje ya nyumba yetu ya Mbagala. Alipomaliza aliikunja, akairudisha ndani ya bahasha, akasema, "Haya, Serikali imeshakuchukua."

Maandalizi yakawa yamekwisha.

Sisemi hivyo kwa kutia chumvi. Ada ilikuwa juu ya Serikali, kitanda kilikuwa cha chuo, chakula tungekula kafteria, na fedha za vitabu tungepewa. Kazi ya nyumbani ilikuwa kuniaga. Mama aliosha sanduku la bati nililorudi nalo kutoka Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) Ruvu, akapanga humo suruali tatu, mashati, mche wa sabuni na kanga moja kuukuu ya kujifunikia. Usiku wazee wa msikitini walikuja wakasoma dua, tukala wali. Asubuhi nikapanda gari na sanduku langu, nauli mfukoni, nikaenda chuoni Mlimani, ambayo wakati ule ilikuwa bado ndani ya Kinondoni. Wilaya ya Ubungo ilikuja baadaye sana.

Kaka yangu mkubwa yeye alipitia mlango mwingine. Alimaliza kidato cha sita 1975, mwaka mmoja baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka vijana wafanye kazi kwanza ndipo waende chuo kikuu. Baada ya JKT alifanya kazi kiwandani miaka miwili. Kilichompeleka Mlimani ni matokeo yake ya mtihani pamoja na barua mbili, ya mwajiri na ya tawi la chama, zikithibitisha kwamba ni kijana mwenye mwenendo mzuri. Nakumbuka jinsi alivyomwamkia kwa heshima katibu wa tawi kwa miaka yote miwili. Kujiandaa kwa chuo, kwake yeye, kulikuwa kuishi vizuri na watu wazima wa Temeke.

Halafu mambo yakageuka. Kuanzia 1992 ikaja sera ya kuchangia gharama, na Julai 1994 Serikali ikaanza kutoa mikopo ya chakula na malazi. Mdogo wetu wa kike alikwenda Mlimani 1995, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza nilimwona Mama akihesabu fedha kwa sababu ya chuo. Aliuza doti nne za kanga alizokuwa amezihifadhi hazijavaliwa hata siku moja. Mdogo wangu alikosa chumba mwaka ule, akabebwa na rafiki yake. Wanachuo wanalijua neno hilo, kubebana: kitanda kimoja, watu wawili, mmoja kichwa huku na mwenzake kule, mzungu wa nne. Alituficha jambo hilo hadi alipohitimu. Mama aliposikia alilia, akasema angejua angeuza na cherehani.

Hayo yote nilidhani nimeyaelewa, mpaka zamu ya kitinda mimba wangu ilipofika mwaka 2023.

Alikuwa kambini. JKT kwa mujibu wa sheria, iliyositishwa 1994 na kurudishwa 2013, ilikuwa imemwita yeye na wenzake mara tu baada ya mtihani wa kidato cha sita. Kwa hiyo matokeo yalipotoka Julai, aliyekwenda steshenari ya Mbagala Rangi Tatu kumwombea mkopo ni mimi. Steshenari zetu msimu huo hufurika wazazi kuliko zahanati. Nilikaa kwenye benchi tangu saa mbili hadi saa saba mchana, faili la buluu mapajani.

"Shikamoo, mzee. Cheti cha kuzaliwa kimeshahakikiwa RITA?"

"Marahaba. Kimehakikiwa, hiki hapa."

Kijana yule alikiweka cheti juu ya meza, akaweka cha kidato cha nne kando yake, akapitisha kidole juu ya majina yote mawili taratibu kama mtu anayesoma juzuu. Kidole kikasimama.

"Mzee, hapa pana h. Huku haipo."

Ile h niliiandika mimi, mwaka 2004, kwenye fomu ya tangazo la kizazi, kwa sababu ndivyo bibi yake aliyemrithi jina alivyokuwa akitamkwa. Mwalimu wa darasa la kwanza aliandika alivyosikia. Kuanzia hapo mtoto akawa na majina mawili, moja la kuzaliwa na moja la shule, na mimi, niliyefundisha sekondari miaka ishirini na zaidi na kujaza fomu za watoto wa watu mamia kwa mamia, sikuwahi hata siku moja kuviweka vyeti vya mwanangu sambamba. Niliumia. Bado linaniuma.

Ikabidi nitafute wakili, niape kwa hati ya kiapo kwamba majina yale ni ya mtu mmoja. Ikabidi nirudi mtaani kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa anisainie na kunigongea muhuri. Alikuwa anakula, akanawa mikono, akatoa kidau cha wino, akanigongea kurasa zote kwa makini bila kunidai senti. "Ya nne hii tangu asubuhi, mwalimu," aliniambia. Ada ya kuomba mkopo shilingi 30,000. Ada ya kuomba chuo. Picha za mtoto, picha za mdhamini, kitambulisho cha NIDA. Faili la buluu likawa zito kiasi cha kulifunga kwa mpira.

Mwanangu aliporudi kutoka kambini, amekonda, mweusi, anatembea kwa mwendo wa kikakamavu, alikuwa amekwishachaguliwa, na akaja na hoja yake. "Baba, mimi chumba sitaki. Nitakuwa nakwenda na kurudi. Hela ya chumba itabaki." Nilimwambia basi twende tupime.

Tuliondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Rangi Tatu tuliligombea gari la pili baada ya la kwanza kujaa hata kabla halijasimama sawasawa. Alisimama njia nzima, mkoba kifuani. Barabara ya Mandela inapofika TAZARA siku hizi kuna daraja la Mfugale, lililofunguliwa 2018, na Ubungo kuna la Kijazi, la 2021. Yamesaidia sana, lakini Buguruni palikuwa pamefungana, na Tabata tulitambaa. Ubungo tukabadilisha gari. Tulipokanyaga Mlimani ilikuwa saa moja na nusu. Nilimtazama usoni. Alikuwa na miaka kumi na tisa na amechoka kama aliyetoka shamba, na kipindi hata kimoja hakijaanza.

"Nimeona, Baba," akasema.

Tulizunguka. Nilimwonyesha bweni nililolala. Nilimpeleka kwenye maktaba mpya, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa Novemba 2018, yenye viti zaidi ya 2,000. Chuo hiki kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi kumi na wachache, wote wa sheria. Wangeweza kuenea kwenye meza chache za maktaba ile. Tukakaa kwenye kimbweta, kile kibenchi cha zege chenye meza yake, tukala mihogo. Hapo ndipo nilipomweleza jambo ambalo nimekuwa nikilifikiria muda mrefu. Wenzangu wa rika langu hupenda kusema Serikali ya zamani ilijali na ya sasa haijali. Mimi siafiki. Sisi tulibebwa vizuri kwa sababu tulikuwa wachache mno. Mwaka 1988, katika mtaa wetu wote, aliyeitwa chuo kikuu ni mimi peke yangu, na nyuma yangu walibaki wasichana kwa wavulana wenye akili kunishinda. Mwaka wake yeye, kutoka mtaa ule ule, walikuwa saba, na watano kati yao ni wasichana. Mzigo uliotoka kwa Serikali umeshuka kwenye nyumba zetu, na ni mzito kweli. Lakini mlango umepanuka, na mimi kama baba wa binti siwezi kuutamani ule mwembamba.

Kitanda alikipata kwenye hosteli za Magufuli, yale majengo 20 ya mwaka 2017 yanayochukua wanafunzi 3,840. Mkopo nao alipata, na posho ya kujikimu, ile wanayoiita bumu, ikiwa shilingi 10,000 kwa siku. Kompyuta mpakato ndiyo iliyotushinda, mpaka mama yake alipokopa kwenye kikoba chao cha wanawake na kusema atarejesha kwa miezi kumi. Amerejesha. Wiki ya mwisho ya Oktoba barazani kwetu palikuwa kama kuna shughuli. Jirani wa kulia alileta ndoo yenye mfuniko, wa kushoto chandarua. Shangazi yake alikuja na dagaa wa kukaanga kwenye kopo, mjomba akatuma vifurushi vya simu. Mjane mmoja wa nyuma yetu, anayeuza vitumbua, alileta shilingi elfu mbili zilizokunjwa mara nne, akamshika mkono na kuziweka humo, akaufumba. Baba yangu mwaka 1988 alipokea wazee wa dua tu. Mimi nilipokea dua pamoja na ndoo, na nilijua kila ndoo imetoka kwa nani.

Sanduku la bati nililitoa uvunguni nikamwonyesha. Alilipapasa kifuniko, akanishukuru, akapakia vitu vyake kwenye begi la shangazi kaja. Faili la buluu alilibeba mwenyewe kwapani. Hakukubali liingie kwenye begi.

Julai iliyofuata, jioni, mtu alipiga hodi. Alikuwa yule mjane wa vitumbua, na nyuma yake mjukuu wake wa kiume kutoka Charambe, ana mfuko wa plastiki wenye karatasi. "Mwalimu, wanasema wewe unayajua haya ya mikopo."

Nilimwambia kijana alete kiti karibu na taa. Tukatoa cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, tukaviweka sambamba mezani, nikamwambia asome jina lake kwa sauti, herufi moja baada ya nyingine, huku mimi nafuata kwa kidole.