Nilimsingizia Daktari wa Macho

Daktari aliyenipasua macho hakukosea. Nalitanguliza hilo kwa sababu kwa muda mrefu, pale kijiweni kwetu kwenye kahawa, nilisema kinyume chake, nikasema kwa sauti, na watu wakaniamini. Nimefanya kazi ya magazeti maisha yangu yote hapa Dar es Salaam, na mtu wa magazeti akisema jambo hudhaniwa amelichunguza.

Kazi yenyewe ilikuwa kusoma prufu. Msoma prufu hajulikani hadi siku atakayokosea. Ukipitisha "Halmashauri imefuta sheria" mahali palipotakiwa "imefuata sheria", herufi moja imekuponyoka, na asubuhi simu hazikatiki. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo, na siri ya uhodari wangu ilikuwa ubovu wa macho. Tangu shuleni sioni mbali. Miwani yangu ilikuwa ya hasi 4, na hesabu yake ni nyepesi: gawanya 100 kwa namba hiyo, utapata sentimita ambazo jicho linaona sawasawa bila miwani. Kwangu zilikuwa 25. Basi nilipandisha miwani kipajini, nikausogeza ukurasa karibu na pua, na pale hapakuwa na nukta wala mkato wa kunikimbia. Wenzangu walipovuka miaka 45 wakaanza kunyoosha mikono ili wasome, kisha wakaenda kununua miwani ya kusomea. Niliwacheka. Sikujua kwamba ninaringa kwa mali ambayo siku moja nitaigawa bure.

Mtoto wa jicho aliponiingia, alianza kwa hila. Namba ya miwani ikawa inapanda kila nikipimwa, kisha taa za magari usiku zikaanza kutawanyika, na kanzu nyeupe ikaonekana kana kwamba imechovywa kwenye chai. Nikaandikiwa upasuaji: lenzi ya asili iliyofifia itolewe, iwekwe ya bandia.

Hospitalini nilikwenda na maswali, maana sikutaka kudanganywa. Lenzi bei gani? Imetengenezwa wapi? Nikaambiwa India. Nikaguna. Kama ningekuwa nimesoma kidogo ningejua kwamba huko Madurai, kusini mwa India, kiwanda cha Aurolab kilianza mwaka 1992 kutengeneza lenzi hizi, na bei iliyokuwa dola 100 na zaidi ikashuka hadi dola 10 na chini yake. Ningejua pia kwamba kiwanda kingine kilijengwa Asmara, Eritrea, kwa jitihada za taasisi ya Fred Hollows, daktari wa macho aliyefanya kazi Australia. Kama si viwanda vya namna hiyo, watu wa kipato changu wangekuwa bado wanatolewa mtoto wa jicho na kurudi nyumbani na miwani mizito inayokuza kila kitu. Lakini mimi nilibishania nchi. Sikuuliza swali la maana kuliko yote, yaani lenzi hiyo itanionyesha umbali gani.

Maana lenzi ya kawaida ya kupandikizwa haijirekebishi. Ya kuzaliwa, ukiwa kijana, hujikunja na kujinyoosha kufuata unachotazama. Ya bandia imeshikilia umbali mmoja. Kwa hiyo kabla ya upasuaji hupimwa urefu wa jicho, ambao kwa watu wengi ni milimita 23 hadi 24, na mpindo wa konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, kisha kanuni hutoa nguvu ya lenzi inayofaa. Ukikosea urefu kwa milimita moja tu, namba inaweza kupotoka kwa karibu dayopta 3, dayopta ikiwa ndicho kipimo cha namba za miwani. Hata mwanzilishi mwenyewe wa lenzi hizi, daktari Harold Ridley, yalimkuta. Alikuwa ameona kwamba vipande vya plastiki vya vioo vya ndege za kivita, vilivyoingia machoni mwa marubani wa Uingereza, havikuleta uvimbe. Mwaka 1949, katika hospitali ya St Thomas' jijini London, akapandikiza lenzi ya plastiki ya namna hiyo. Ila nguvu ya lenzi haikuwa sahihi, na mgonjwa wake wa kwanza akabaki haoni mbali kupita kiasi.

Siku hizi vipimo ni bora mno, lakini hakuna mashine inayojua wewe unataka kuona nini. Hilo huulizwa kwa mdomo. Lenzi ya kukuonyesha mlango na lenzi ya kukuonyesha ukurasa ni ile ile, ya kiwanda kile kile na kwa bei ile ile. Kinachobadilika ni namba kwenye boksi. (Zipo pia lenzi zinazougawa mwanga ili uone mbali na karibu. Ni ghali, huleta duara za mwanga kuzunguka taa usiku, na mwenye glakoma au retina iliyougua kwa kawaida hashauriwi kuziweka. Mfuko wangu ulizikataa kabla yangu.)

Muuguzi aliniuliza. Siwezi kusema hakuniuliza.

"Baba, unafanya kazi gani?"

"Nimestaafu. Sina kazi."

Huo ulikuwa uongo. Nilikuwa nimestaafu gazetini, ni kweli, lakini wachapishaji wa vitabu waliniletea prufu nyumbani, na wiki nzuri iliniingizia fedha ya kutosha. Niliificha kazi hiyo kwa sababu wazee wasiojiweza husamehewa ada, na nilitaka nihesabiwe miongoni mwao. Nimeandika sentensi hii mara kadhaa nikaifuta, kwa kuwa sikuwa masikini wa namna hiyo.

Akaniuliza tena: nikipona, ningependa nione mbali au karibu bila miwani? Nikajibu mbali, bila kufikiri, kama mtu aliyeitwa "Miwani" tangu darasa la pili anavyotazamiwa kujibu. Akaandika.

Asubuhi plasta ilipotolewa niliiona saa ya ukutani upande wa pili wa wodi, dakika na sekunde, kitu ambacho jicho langu tupu halikuwahi kukifanya. Nililia. Wiki ile nilisoma vibao vya daladala kabla hazijasimama, nikawa nawatajia watu ambao hawakuniomba. Kisha mchapishaji akaleta kurasa zake. Nikafumba jicho ambalo bado halijapasuliwa, nikausogeza ukurasa mahali pake pa siku zote. Mistari ilikuwa mikanda ya kijivu. Nikausogeza mbali, mbali zaidi, hadi mkono ukaisha. Maneno yalianza kuonekana, madogo, lakini nukta na mkato havikutofautiana.

Hapa ndipo kosa langu la pili, ambalo ni baya kuliko la kwanza, kwani la kwanza lina ujinga ndani yake. Kabla ya jicho la pili daktari mwenyewe aliniuliza kama naridhika. Akanieleza kwamba tukitaka, jicho hili linaweza kuachwa na hasi 2 hivi ili linisaidie kwa vitu vya karibu, moja liwe la barabarani na moja la mezani, wengi huzoea. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Lakini kukubali kungenilazimu kusema kwamba ninafanya kazi ya kusoma, na faili lilisema sina kazi. Tena nilikuwa nimeshajitapa mtaa mzima. Nikasema, "Naridhika, daktari. Fanya vile vile."

Akafanya vile vile.

Nilipokwama kabisa sikutafuta kosa kwangu. Nilikwenda kijiweni nikasema wale wameniharibu macho, wameniwekea lenzi za bei rahisi, nilikuwa nasoma bila miwani na sasa sisomi. Kila kipande cha maneno hayo kilikuwa na ukweli kidogo, na mimi kwa ufundi wa kazi yangu najua kwamba sentensi ya namna hiyo ndiyo ngumu kuliko zote kuisahihisha. Miongoni mwa waliokunywa kahawa siku ile alikuwapo kijana ambaye mama yake, bibi anayeuza vitumbua njia ya sokoni, alikwishapangiwa tarehe ya upasuaji. Kijana akamwambia mama asubiri kwanza. Mama akasubiri. Vuli ikapita, masika ikapita, mboni ikawa nyeupe kabisa, na bibi akawa anapapasa ukingo wa chuma cha vitumbua kwa vidole ili ajue pa kumimina unga. Nilivila vitumbua hivyo. Niliviona vidole.

Hatimaye nilirudi kwa daktari, nikitaka lenzi zibadilishwe. Alifungua faili akanigeuzia nisome, kwa miwani yangu ya kununua barabarani. Kazi: hana. Lengo: mbali. Alisema kubadilisha lenzi inawezekana, lakini ni kulifungua tena jicho lililopona vizuri, na haoni sababu ya kubeba hatari hiyo wakati miwani inatosha. Nikamwambia ukweli wote. Hakunikemea, alionekana kuchoka tu, akaniandikia miwani inayofaa.

Inafaa, kwa kiasi chake. Ya chanya 2.5 inaniweka sentimita 40 kutoka kwenye karatasi. Kwa gazeti au ujumbe wa simu hiyo ni sawa, lakini uhodari wangu ulikuwa kwenye 25. Sasa naomba prufu zichapwe kwa herufi kubwa, na kwa tanbihi natumia kioo cha kukuzia. Baadhi ya wachapishaji wameacha kuja. Ningesema ukweli mwanzoni, macho yote mawili yangelengwa hasi 3 au zaidi kidogo, nikaendelea kuvaa miwani barabarani kama siku zote na kuivua mezani.

Kijana nilimwambia mbele ya wale wale wa kahawa. Mama yake amepasuliwa jicho moja. Kwa kuwa mtoto wa jicho alikuwa amekomaa, kazi ilikuwa ngumu zaidi, lakini sasa anaitambua noti ya elfu tano na ya elfu kumi bila kumuuliza mteja. Mama mwenyewe nilimkiria baadaye. Alinisikiliza akigeuza vitumbua, akanifungia vya shilingi elfu moja, akapokea elfu moja yake.

Lakini kijiwe kina watu wengi, na kila mmoja ana kwake. Kama ulinisikia, au ulisikia kwa aliyenisikia, kwamba mzee mmoja wa magazeti aliharibiwa macho kwa lenzi za bei rahisi, habari hiyo ilitoka kwangu na ilikuwa ya uongo. Tafadhali isahihishe kila ulipoifikisha. Na ikiwa nyumbani kwako yupo mzee aliyeahirisha upasuaji kwa sababu ya habari hiyo, mpeleke akapimwe, na akiulizwa kazi ataje zote, pamoja na ile ndogo anayoifanya chumbani bila risiti.