Tasnifu ya Mwaka wa Tatu

Shuleni Songea, Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani tulivisoma kama orodha ya sababu na matokeo. Mwalimu aliandika ubaoni, tukanakili, tukajibu mtihani. Tulijua tarehe 27 Februari 1906, siku waliponyongwa viongozi wa Wangoni, kwa kuwa kila mwaka mji mzima uliikumbuka. Lakini habari zile zilikusanywaje, na nani aliyewauliza wazee, hayo hatukuyauliza.

Jibu nililipata Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilipokuwa natafuta mada ya tasnifu ya shahada ya kwanza. Msimamizi wangu alinituma maktaba, kwenye mkusanyo wa vitabu vya Afrika Mashariki, nikasome kazi za Mradi wa Utafiti wa Maji Maji. Mwaka 1968 Idara ya Historia ya chuo hicho, wakati huo Chuo Kikuu Kishiriki, iliyoongozwa na Terence Ranger, iliwatuma wanafunzi wake kusini wakawahoji wazee. Mtu aliyekuwa na miaka kumi na mitano vita vilipoanza mwaka 1905, wakati huo alikuwa na sabini na minane. Muda ulikuwa umebaki kidogo sana, na idara ililijua hilo.

Nilikisoma kijitabu cha Mapunda na Mpangara kuhusu vita hivyo Ungoni, kilichochapishwa mwaka 1969, nikakirudia tena usiku uleule. Walikuwa wanafunzi kama mimi, wenye majina ya kwetu. Kabla ya kazi za namna hiyo, sehemu kubwa ya habari za Maji Maji ilitoka kwenye majalada ya Wajerumani, yaani kwa upande uliochoma ghala za chakula. Sasa walisema waliochomewa. Na hawakusema kwa sauti moja. Umatumbi, alikofanya utafiti mwanahistoria Gilbert Gwassa, pamba ya kulazimishwa na maji ya dawa ya mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe vilikuwa kiini cha habari. Ungoni watu walikuwa na machifu wao, mizozo yao na sababu zao za kuipokea au kuikataa dawa. Vita nilivyovijua kama kitu kimoja vikagawanyika mbele ya macho yangu, na waliovigawa ni vijana waliokuwa bado wanafunzi.

Hapo nikaamua kuandika kuhusu manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge. Ofisi ya kuwaajiri, SILABU, ilianzishwa mwaka 1944, na Songea ilitoa watu wengi sana kwenda mashamba ya Tanga. Miaka ya tisini wengi wao walikuwa bado hai, wamekaa barazani kwao, na sikumbuki hata mmoja aliyekuwa amewahi kuulizwa. Nilikwenda na daftari na redio ya kaseti ya kuazima. Mzee mmoja aliniambia, “Mjukuu wangu, weka kalamu chini kwanza, ule.” Nilikula. Baada ya ugali alinisimulia safari ya kwenda Tanga kituo kwa kituo, hadi jua likazama. Mkewe, aliyekuwa kimya muda wote, akaongeza habari za miaka aliyobaki peke yake na shamba na watoto. Sura nzuri kuliko zote katika tasnifu yangu ilitoka kwake, na swali la kumwuliza yeye halikuwamo kwenye orodha yangu ya maswali.

Mwenzangu aliyesoma saikolojia, naye akiwa amekwenda kuwahoji wazee, alirudi chuoni na shida nyingine. Dodoso lake lilikuwa la kuchagua jibu: nakubali sana, nakubali, sikubali. Wazee walikubali kila kitu, kwa heshima ya mgeni. Alipoliweka kando na kuwaomba wasimulie, walianza kupingana naye. Tangu hapo naamini kwamba taaluma zetu hizi mbili zina mlango mmoja wa kuingilia, nao ni kukaa na mtu hadi achoke kukupendeza.

Sasa ninasimamia mimi. Wanafunzi wameongezeka mno, fedha za kwenda uwandani ni chache, na dodoso linatumwa kwa simu, majibu yanarudi jioni ileile kutoka kwa vijana wenzao. Chati zinapendeza. Lakini bibi wa miaka themanini hamo ndani ya chati hizo, kwa sababu hana simu ya namna hiyo. Siwalaumu wanafunzi, hakuna anayewapa nauli. Pia yapo mabadiliko ninayoyafurahia kwa moyo wote: wanafunzi wa Kiswahili huandika tasnifu zao kwa lugha ileile aliyohojiwa nayo mzee, na neno lake linafika kwenye karatasi kama lilivyotoka kinywani.

Waliowaona Wajerumani wameisha. Manamba wangu wamezikwa karibu wote. Zamu ya sasa ni ya Operesheni Vijiji. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba watu wote wawe wamehamia vijijini ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Aliyehamishwa akiwa na miaka ishirini sasa ana miaka ipatayo sabini. Hakuna taasisi yenye watu wa kutosha kuwafikia wote hao; wanaoweza ni wanafunzi wa shahada ya kwanza, wanaorudi makwao kila likizo, na lugha ya nyumbani wanaijua. Kwa hiyo kila anayekuja ofisini kwangu kutafuta mada namwuliza kwanza kwao ni wapi, na ni nani pale kijijini anayekumbuka siku ya kuhama.