Nataka Kufundisha Chakula

Nasindika chakula hapa Bariadi, mkoani Simiyu: karanga, unga wa lishe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Ndiyo kazi niliyoianza baada ya kusomea sayansi na teknolojia ya chakula katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, na inanilisha. Sasa nafikiria kusomea ualimu, na watu wananiuliza biashara imenishinda wapi. Haijanishinda. Kinachonivuta ni karanga.

Msimu wa mavuno, mama zetu wa Simiyu huchambua karanga kwa uangalifu mkubwa. Nzuri zinakwenda sokoni. Zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi hubaki nyumbani, zinatwangwa na kuungiwa mlenda wa watoto. Humo ndimo sumukuvu inamokaa, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2016, huko Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumu hiyo na 20 wakafariki. Chakula kilichotiliwa shaka kilikuwa mahindi yao wenyewe. Nimewaeleza akina mama wanaoniuzia mzigo, wananisikiliza kwa heshima, kisha mwaka unaofuata tunaanza upya. Binti wa kidato cha pili akilisoma jambo hili mwaka mzima, akalifanyia mtihani, atabishana na mama yake kwenye turubai la kuanikia. Huyo ndiye ninayemtaka.

Na nataka aje na ujuzi wa nyumbani kwao. Bibi anayekausha michembe ya viazi vitamu huvunja kipande kwa vidole akajua kama kimekauka. Na kipimo changu cha unyevu mara nyingi humkubalia. Asichoambiwa na mtu ni kwamba ukungu hauoti pasipo maji, na kwamba viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vikianikwa kwenye jua kali hupoteza vitamini A nyingi kuliko vikikaushwa kivulini.

Njia ipo. Mtaala mpya ulioanza 2024 umeleta mkondo wa amali sekondari, na Chakula na Lishe ni somo linalofundishwa. Mwenye shahada kama yangu husoma stashahada ya uzamili ya elimu. Chuo Kikuu Huria kinaitoa kwa njia ya masafa, kwa hiyo mashine yangu ya kusindika haitalazimika kusimama. Ajira haina uhakika. Walimu nao siku hizi wanapita kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira, na waombaji ni wengi mno.

Wasiwasi wangu mkubwa ni jiko la kufundishia. Somo hili likifundishwa kwa chaki tupu linakufa, na maabara ya kemia si mahali pa kuonja chakula hata siku moja. Pia linaonekana la wasichana. Hapa kwetu wavulana ndio wanaochunga na kukamua. Nani anahitaji kujua zaidi yao kwa nini maziwa yachemshwe?

Kabla ya kulipa ada nimeomba kujitolea kwenye shule moja ya kutwa. Kipindi cha kwanza nimeshakipanga: kila mwanafunzi aje na konzi ya karanga kutoka nyumbani, zile zilizobaki baada ya kuuza. Tutazimwaga mezani na kuzichambua moja moja. Mbaya tutazifukia nyuma ya shule, na kila mmoja atakwenda kumweleza mama yake kwa nini hazikurudi.