Ndoo ya Mguu

Watu wakiniona kwa mara ya kwanza wanauliza kama mguu utapona. Mimi swali hilo nililimaliza zamani. Mguu wangu wa kushoto umevimba tangu 2009, ni matende, na hautarudi kuwa kama wa kulia. Ninalojiuliza kila mwezi ni hili: safari hii homa itanilaza siku ngapi?

Tueleweshane kidogo. Matende yanaletwa na minyoo midogo inayobebwa na mbu. Mbu waliniuma miaka mingi kule kwetu Kongo, kabla sijavuka Ziwa Tanganyika kuja Nyarugusu. Minyoo inaharibu mirija inayopitisha maji ya mwili, basi maji yanajaa mguuni. Dawa za kumeza zinaua minyoo michanga iliyo kwenye damu ili mbu wasiipeleke kwa mwingine, lakini uvimbe wa zamani haziondoi. Ukinigusa hupati kitu. Ukikaa nami benchi moja hupati kitu. Si uchawi, si laana. Akina mama wa mtaani kwangu nawaambia kila siku.

Kinachoniangusha ni vijidudu vinavyoingilia kwenye nyufa za ngozi na katikati ya vidole. Hapo mguu unawaka moto, baridi inakutetemesha, siku 4 au 5 hupiki, huendi bombani, huendi kuchukua posho. Binti yangu anakosa shule kwa sababu ndiye anayechota maji. Hasara yangu kubwa iko hapo. Umbo la mguu nimeshalizoea.

Kinga yake ni maji safi na sabuni ya kawaida, kila siku. Naosha taratibu, kidole kwa kidole, nakausha kwa kitambaa bila kusugua, nauweka mguu juu ya dumu, nachezesha kifundo. Fundi wa katambuga amenitengenezea jozi pana ya tairi. Tangu nianze hivyo, homa iliyokuwa inanishika karibu kila mwezi imenishika mara 2 tu kwa mwaka mzima.

Rahisi, eti? Viwango vya Sphere, ambavyo wahudumu wanavijua kuliko mimi, vinataja angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, na gramu 250 za sabuni ya mwili kwa mwezi. Hicho ni kiwango cha chini kwa mtu yeyote, na mguu wangu peke yake unamaliza nusu ndoo. Bomba likikauka nachagua: maharage au mguu? Watoto wakiwa na njaa mguu unangoja, na wiki haiishi homa imerudi.

Ndugu wahudumu, mkija na karatasi ya maswali juu ya hali ya maisha, msiishie kuuliza kama unauma. Ulizeni ndoo ngapi zilifika nyumbani, nani alizibeba, sabuni iliisha tarehe ngapi. Hapo mtajua ninavyoishi.

Na ninyi majirani, mkinipisha kwenye foleni ya maji, msinipishe kwa huruma. Nipisheni niwahi kuosha mguu, ili kesho asubuhi niende bombani mwenyewe, na binti yangu aende shule.