Gazi ya klima ya Prado imeenda wapi?

Wakati wa kiangazi, barabara ya Kasongo kwenda Kabambare inatoa vumbi jekundu lisilomwacha mtu. Ukifungua kioo, unalimeza. Ukifunga kioo bila klima, ndani ya gari kunakuwa tanuri. Kwa hiyo klima huku kwetu si mambo ya kujionyesha, hasa kama nyuma amelala mgonjwa anayepelekwa hospitali kuu ya Kasongo. Na klima ikifa, maneno yanaanza.

Prado hii ni ya mfanyabiashara mmoja wa Kasongo. Mwezi wa sita ilijazwa gazi huko Bukavu, patroni akalipa. Wiki tatu baadaye hewa ilikuwa moto tena. Patroni akafanya hesabu yake: gazi ilijazwa, gazi haipo, na mwenye kukaa na gari ni shofere. Akamkata dola 60 kwenye mshahara. Shofere ni kijana mzaliwa wa Kabambare, ana watoto wawili. Maneno ya "umeuza gazi" yalifika hata nyumbani kwa wakwe zake.

Wengi wanafikiri kama patroni huyo. Wanadhani gazi inaliwa kidogo kidogo kama mazutu. Sivyo. Inazunguka ndani ya bomba zilizofungwa. Kompresa inaikandamiza, kondensa, ile yenye mapezi membamba mbele ya radiateri, inatupa joto lake nje na kuigeuza maji, halafu inapita kwenye tundu dogo la vali, nguvu yake inashuka ghafla, inakuwa baridi, inanyonya joto la ndani ya gari na kurudi kwa kompresa. Haiishi kwa kutumika. Tena si nyingi: gari nyingi ndogo zinabeba gramu 400 hadi 800 tu. Mwizi atauza nini hapo? Ikipungua upesi, kuna mahali inapotokea.

Shofere alikwenda kwa fundi mzee mwenye garaje karibu na soko. Mzee alifungua kofia ya gari, akaona uzi wa umeme umeunganishwa kwenye swichi ya presha.

"Nani alifunga huu?"

"Mtu mmoja wa Kabambare, papa. Alisema swichi imekufa."

"Haikufa, mwanangu. Ilikuwa inakinga kompresa."

Akautoa kwanza, kabla ya kazi nyingine yoyote. Oili ya kompresa inasafiri pamoja na gazi. Gazi ikiwa kidogo, oili nayo hairudi vizuri, ndiyo maana swichi inakata umeme. Ukiilazimisha kompresa izunguke hivyo, inajisaga yenyewe, na vipande vya chuma vinaenea kwenye bomba zote. Hapo dola 60 zinakuwa mchezo wa watoto.

Kiisha mzee akafunga saa zake mbili za presha, ya bluu na nyekundu, moteri ikiwa imezimwa na gari imepoa kivulini. Kwenye joto la nyuzi 30, gazi ya R134a iliyojaa sawasawa inaonyesha karibu bari 6 na nusu pande zote mbili. Saa zilionyesha 1 na nusu. Gazi ilikuwa imetoka, lakini si yote, na hiyo ilikuwa bahati, kwa sababu bila presha hakuna povu.

Alimtuma mtoto wa garaje amwite patroni aje aone kwa macho yake. Pengine hiyo ndiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko zote siku ile.

Patroni alikuja, akavaa miwani. Mzee alimwonyesha pembe ya chini ya kondensa: vumbi lilikuwa limeshikana na oili, jeusi kama lami. Mpira unaoshikilia kondensa ulikuwa umelika kwa mitikisiko ya barabara, na chuma kimekuwa kikisugua bomba la aluminiamu. Akapaka maji ya sabuni. Wakangoja. Povu dogo likatokea, likapasuka, likatokea lingine palepale.

"Mzee, gazi yako hii hapa," fundi alisema. "Inapumua."

Patroni aliuliza kama wanaweza kuziba na gundi. Mzee alikataa. Klima ikifanya kazi kwenye jua, presha upande wa nyekundu inafika bari 15 na zaidi, gundi haitashika. Akataka kondensa nyingine, kichujio kipya cha kukausha maji na mipira ya viungo, kisha kuvuta hewa yote kwa pampu kwa nusu saa kabla ya kupima gazi kwa gramu. Hata kujaza hewa ya pampu ya magurudumu ili kujaribu alikataa: hewa ina unyevu, na ikichanganyika na gazi chini ya presha kubwa inaweza kuwaka.

Akaonya pia juu ya chupa za bei ya chini. Hofu hiyo si bure. Mwaka 2011 huko Vietnam na Brazil, mitambo ya makontena ya baridi ililipuka na kuua wafanyakazi, kwa sababu ndani mliwekwa gazi ya bandia inayoshambulia aluminiamu.

Kabla ya kuondoka, patroni alimpa shofere funguo, akasema neno la dola 60 litaangaliwa mwisho wa mwezi. Kuomba msamaha mbele ya watu hakuomba. Kondensa imeagizwa Bukavu na haijafika. Shofere bado anakwenda Kabambare vioo vikiwa wazi, kitambaa puani, na wiki iliyopita alimwomba fundi amwandikie kwenye karatasi kile alichokiona, apate kuwasomea wakwe zake.