Fedha Ziende Wapi? Miaka Yangu ya Kuchagua Kompyuta ya Familia

Katika ukoo wetu, anayetaka kununua gari humtafuta mjomba, anayetaka kiwanja humtafuta shemeji, na anayetaka kompyuta ya nyumbani hunipigia mimi. Kazi hii sikuiomba. Ilinijia mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa sababu nilikuwa wa kwanza nyumbani kufungua kasha la kompyuta kwa bisibisi, kulifunga tena, na bado likawaka. Tangu hapo nimeandamana na ndugu zangu Kariakoo na kwenye maduka ya Posta, kila mmoja na bajeti yake finyu, na swali limekuwa lilelile: kwa fedha hizi chache, kifaa gani kipewe fungu kubwa? Jibu ndilo limekuwa likihama.

Siku zile dukani ilitawala megahezi. Muuzaji alianza na prosesa na kumalizia na prosesa: hii Pentium III, ile Duron, hii Celeron ya mwenye hela ndogo. Ndugu zangu waliiona Celeron kama aibu, maana kibandiko chake kilikaa mbele ya kasha kila mgeni akione. Lakini ukichunguza, prosesa haikuwa tatizo. Windows XP ilipotoka 2001, Microsoft yenyewe ilipendekeza ramu ya megabaiti 128, na madukani mashine nyingi ziliuzwa na kiasi hichohicho. Ukifungua barua ya kuandika, wimbo ukiwa unapiga, ramu inajaa. Mashine inaanza kuhamishia kazi kwenye hadidiski, na hadidiski ni ya polepole mno ikilinganishwa na ramu. Hapo ndipo watu waliposema kompyuta imekuwa nzito.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza ilikuwa: chukua Celeron, na kinachobaki kinunue ramu ifike 256. Walinung'unika kwa kibandiko, wakanyamaza walipoona mashine inavyokimbia. Kompyuta yenyewe ilikaa sebuleni, monita yake yenye chogo imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya babu, na ilikuwa ya nyumba nzima. Watoto walijifunza kuchapa, baba mdogo aliandika barua za msikitini, na jioni kulikuwa na foleni ya mchezo wa karata. Intaneti tuliifuata kafe, tukarudi na kazi zetu kwenye flopi.

Kifaa ambacho hakikuwamo kwenye mazungumzo ya dukani ni pawa saplai. Iliyokuja na kasha la bei nafuu ilikuwa nyepesi mkononi, ingawa ubavuni imeandikwa wati 400. Nikaanza kuzipima kwa kuzinyanyua, kwa sababu ndani ya iliyo nzuri kuna shaba na vipoza joto vya kutosha, na vitu hivyo vina uzito. Halafu kulikuwa na swichi ndogo nyekundu kwa nyuma, ya kuchagua volti 115 au 230. Mtumba uliotoka Marekani ulifika umewekwa 115. Jamaa yetu mmoja aliletewa wake kutoka duka ambalo halikujali kuigeuza. Alipochomeka ukutani, mlio mmoja, moshi kidogo, mchezo umekwisha. Tangu siku hiyo, kabla sijauliza bei ya mtumba, nilizunguka nyuma kuitazama swichi.

Miaka hiyohiyo mazabodi nyingi zilikufa kifo cha ajabu. Kapasita zake, vile vimikebe vidogo vinavyosimama kando ya prosesa, zilivimba vichwani na kuvuja. Haikuwa hapa kwetu tu. Duniani kote zilikuwa zimeingia kapasita zenye maji mabovu ndani, nyingi zikitoka viwanda vya Taiwan, na makampuni makubwa nayo yaliuza mashine zenye ugonjwa huo. Mafundi wa Kariakoo walijipatia riziki kwa kuzibandua na kutia nyingine. Mimi nilijifunza kutembea na tochi: kasha linafunguliwa, naangalia vichwa. Vikiwa bapa, tunaongea bei. Vikiwa vimetuna, tunaaga kwa heshima.

Kisha ukaja mgao wa umeme wa 2006, mabwawa yalipokosa maji. Umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo, na kazi ya mtoto iliyokuwa haijahifadhiwa ilipotea. Ndipo yu-pi-esi ikapanda kutoka kitu cha ofisini hadi kitu cha lazima kwenye orodha yangu. Niliwaambia ndugu zangu wazi: kama fedha hazitoshi mashine na yu-pi-esi, basi punguza mashine.

Mwaka huohuo mbio za namba zikaishiwa nguvu. Intel ilikuwa imeisukuma Pentium 4 mpaka ikapita gigahezi 3, ikawa jiko. Kwa joto la Dar, feni yake ilinguruma mchana kutwa. Julai 2006 ikatoa Core 2 Duo. Ndogo katika familia hiyo ilikuwa na gigahezi 1.86 tu, lakini ilikuwa na viini viwili, kila kimoja kilifanya kazi zaidi kwa kila pigo la saa, na ilitumia umeme kidogo. Kumweleza mtu kwamba 1.86 inaishinda 3 ilikuwa kazi kubwa kuliko kuifunga mashine yenyewe. Wauzaji walichukia kuieleza, kwa sababu walikuwa wametufundisha miaka mingi kwamba namba kubwa ndiyo bora.

Mkonga wa SEACOM ulipowashwa Julai 2009, intaneti ilianza taratibu kuingia majumbani, na matumizi yakabadilika. Kivinjari kikawa kazi kuu, na kivinjari kinapenda ramu. Kwa muda nilirudi kwenye ushauri wangu wa zamani, ila megabaiti zimekuwa gigabaiti. Hadidiski tulizichukulia kama maji ya bomba, mpaka mafuriko ya Thailand mwishoni mwa 2011 yalipozamisha viwanda vilivyozitengeneza. Bei zilipanda kwa kishindo, na nilishuhudia watu wakifungua kompyuta zilizokufa kutafuta hadidiski zilizo hai.

Badiliko lililonishangaza kuliko yote lilikuja na SSD. Hadidiski ya kawaida ina sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachohama huku na huku kutafuta data. Kila utafutaji hula milisekunde kama kumi. SSD haina kinachozunguka, na hujibu kwa sehemu ndogo sana ya milisekunde moja. Mwanzoni bei yake ilikuwa ya matajiri. Iliposhuka, nilinunua ya gigabaiti 120 na kuiweka kwenye Core 2 Duo kuukuu ya dada yangu, mashine iliyokuwa inasubiri kupewa fundi kwa vipuri. Ikawaka kabla hajamaliza kuvuta kiti. Alidhani nimemletea kompyuta nyingine. Kuanzia hapo kanuni ikahama tena: SSD kwanza, hata kama ni ndogo, mengine yatafuata.

Upande wa picha nao ukaniondolea gharama. Kwa miaka mingi, kijana akitaka kucheza mpira kwenye kompyuta, ilibidi kununua kadi ya picha. Februari 2018 AMD ikatoa Ryzen 3 2200G, yenye viini vinne na sehemu ya picha ya Vega 8 humohumo, wakati ambapo wachimbaji wa sarafu za mtandaoni walikuwa wamezipandisha kadi bei. Hiyo ndiyo mashine ninayojivunia zaidi kati ya nilizofunga. Siri yake ilikuwa kwenye ramu: sehemu ya picha iliyo ndani ya prosesa haina ramu yake, inakula ya mashine, hivyo vipande viwili vya gigabaiti 4 huipa njia mbili za kupitia, na kipande kimoja cha 8 huipa moja. Muuzaji alisisitiza kimoja, eti nafasi ibaki ya baadaye. Tulichukua viwili. Na kwa kuwa mazabodi ilikuwa ya B450, miaka baadaye tulisasisha BIOS tukachomeka Ryzen 5 5600G ya 2021, bila kubadili kitu kingine.

Baada ya hapo, kwa bajeti ndogo, kufunga mashine mpya kipande kwa kipande kulianza kupoteza maana. Sokoni ziliingia kompyuta za maofisi ya ng'ambo zilizosafishwa: OptiPlex, EliteDesk, ThinkCentre. Ni imara, zina vyuma vya kweli, na bei yake haifiki hata ile ya prosesa mpya na mazabodi. Zina masharti yake. Nyingi zina pawa saplai na plagi zisizofanana na za soko, kwa hiyo ikifa hununui yoyote unayoiona. Na zile nyembamba hazipokei kadi ndefu. Jambo la kuangalia zaidi ni umri. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inadai, kwa ujumla, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Zilizo chini ya hapo zinashuka bei kila siku. Anayekubali kutumia Linux anaokota mali.

Mwishoni mwa 2025 ramu nayo ikageuka. Viwanda vilielekeza nguvu kwenye ramu za mitambo ya akili mnemba, na bei ya zetu za nyumbani ikaruka. Siku hizi, ndugu akinunua mtumba, namwambia achague ulio na ramu ya kutosha tayari, asijipe moyo kwamba ataongeza baadaye.

Majuzi nilimsindikiza shangazi. Alitaka mashine ya hesabu za duka lake la vitenge na kazi za shule za wajukuu, maana simu wanazo lakini simu haichapi ripoti ya kurasa kumi. Muuzaji akatuletea kasha linalong'aa.

"Mama, hii ni i7."

"Ya kizazi gani?" nikauliza.

Kimya kidogo. "Cha pili. Lakini ni i7!"

Kizazi cha pili ni cha 2011, chenye viini vinne na njaa ya wati 95. Pembeni yake ilikuwapo i3 ya kizazi cha nane, viini vinne pia, wati 65, nyepesi zaidi, inakubali Windows 11, na bei yake iko chini. Shangazi alimtazama muuzaji, akanitazama mimi, akachukua i3. Kwa kilichobaki tulinunua yu-pi-esi.